Mafuta Namba Sita

Uwineza alikuwa amepiga magoti bafuni, shavu limegusa vigae, akimulika kwa simu chini ya kabati la sinki. Aliona kibanio cha nywele, vumbi, na kidonge kimoja cha kichwa cha mumewe, Sosthène. Kichupa hakikuwepo. Alishainua godoro, alishakung'uta mifuko ya makoti yote matatu, na alishaufungua hata mfuko wa takataka jikoni akaupekua kwa uma. Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, siku yake ya kupumzika, na kesho saa sita mchana alitakiwa kazini na daftari lenye habari za mafuta sita. Pembeni ya sinki palikuwa na kipande cha trei ya mayai. Mashimo matano yalikuwa na vichupa. La sita lilikuwa wazi kama pengo la jino.

Hayakuwa mafuta ya kupikia wala ya nywele. Yalikuwa manukato ya mafuta, yasiyo na spiriti, yanayochanganywa kwa mkono tone baada ya tone na mwanamke mmoja aitwaye Marit, katika chumba cha nyuma cha ghala moja kule Eagan, Minnesota. Uwineza alikuwa mwaka wa pili kwa Marit. Kazi yake ilikuwa kujaza vichupa, kukaza vifuniko na kubandika lebo, amesimama kwenye meza ndefu mpaka nyayo ziwake moto. Mlango wa chumba cha kuchanganyia aliupita kila siku, na kila siku mwili ulipita, pua ikabaki.

Kisha msaidizi wa Marit akaolewa akahama. Marit akawaita wabandika lebo wote, akampa kila mmoja vichupa sita vyenye namba tu, bila majina.

"Pakeni kimoja kwa siku," aliwaambia. "Andikeni ngozi inasema nini mwanzo, baada ya saa moja, na jioni. Andikeni kwa lugha yoyote, mtanisimulia. Atakayeniletea daftari la kweli nitakaa naye humu ndani."

Alikuwa na sharti moja. Usiandike kutoka kwenye chupa. Chupa ina uongo mwingi, alisema. Mafuta huanza kusema kweli yakipata joto la mtu. Na namba sita aliitengeneza kidogo mno, kila mtu fungu lake, ikiisha imekwisha.

Uwineza aliitaka kazi ile hadi ikamkosesha usingizi. Tangu ashuke ndege na mumewe, hakuna aliyewahi kumuuliza anajua nini. Walimuuliza kama anaweza kuinua, kusimama, kufika mapema. Sasa mtu alikuwa amemuuliza ananusa nini, naye alikuwa na majibu. Daftari lake la kwanza kulipenda maishani lilikuwa hili:

*Namba moja. Mwanzo limau, lakini la sabuni ya vyombo. Saa moja: ganda la chungwa lililokauka juu ya bati. Jioni: hakuna mtu.*

*Namba tatu. Waridi la tajiri. Halinisalimii. Jioni limechoka, limekuwa kama sisi wengine.*

*Namba tano. Mvua ya kwanza kwenye njia ya vumbi. Baada ya saa nne, chuma. Nilitaka kulia kwenye foleni ya kununua maziwa na sijui kwa nini.*

Namba sita alikuwa ameifungua mara moja tu, Jumatatu, akaipitisha puani. Ilimpa majani yaliyoungua, basi. Lakini nyuma ya yale majani palikuwa na kitu kilichosimama mlangoni bila kubisha, na tangu siku hiyo hakutulia. Alikuwa ameitunzia siku ya mwisho. Ndiyo leo.

"Unatafuta nini, bibi ya Sosthène?"

Mama Kasika alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai, kitambaa cha kichwa kimeshuka hadi kwenye nyusi. Alikuwa mama mkwe wake. Miaka mitatu sasa waliishi nyumba moja hapa Brooklyn Park, wakila sahani moja, wakigombea kidhibiti kimoja cha joto, na katika miaka hiyo mitatu mama huyu hakuwahi kulitamka jina la Uwineza. Alikuwa bibi ya Sosthène, yaani mke wa Sosthène, kama vile kuna koti la Sosthène na viatu vya Sosthène.

Uwineza alijua kisa chake. Walipokuwa kambini Uganda, Sosthène alimpigia simu mama yake Butembo, Kongo, kumwambia amepata mchumba, binti wa wafuga ng'ombe wa Masisi. Simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa. Mama akauliza, na kambi nzima ikasikia: "Umekosa wasichana wa kwetu mpaka uoe mutu wa kunuka siagi?" Uwineza alicheka siku ile ili Sosthène asione haya. Kicheko kile kilimkwama kooni, na mpaka leo hakijashuka.

"Kichupa, Mama," alisema sasa, akijikung'uta magoti. "Kidogo hivi. Kimeandikwa sita."

"Aa, ile ya upako? Niliipeleka ku maombi jana."

"Upako?"

"Si iko mafuta ya upako?" Mama Kasika alimshangaa. "Nilikuwa nakuonaka kila asubuhi. Unapakaa ku mukono, unafunga macho, unanyamaza kimya. Kisha unaandika mu daftari maneno yenye Mungu amekuambia. Nikasema, kumbe huyu ni mutu wa maombi, na mimi nilikuwa namuzania vingine! Jana nikasimama mbele ya wamama wote. Nikawaambia, mafuta hii imetoka kwa bibi ya mutoto wangu. Ni yeye ameiombea."

Alikuwa akitabasamu. Uwineza hakuwa amewahi kuliona tabasamu lile likielekezwa upande wake, akageuka nyuma kidogo kama kutazama kuna nani.

Na nani angemlaumu mama wa watu? Mafuta ya upako huuzwa katika vichupa vilevile, vidogo kama kidole, na mara nyingi vina namba za aya za Biblia. Kundi lao la Jumatano jioni, Wakongo na Wakenya wanaokutana katika ukumbi wa kukodi, lilikuwa limemaliza chupa yake wiki iliyotangulia. Mama Kasika aliona upungufu, akaona sinki, akaona jibu la maombi.

"Imebaki kidogo?"

"Ibakie wapi? Tulipaka watu kumi na moja. Jedidah aliminya mpaka tone ya mwisho."

Maji yakimwagika hayazoleki. Mafuta je? Mtu mwenye akili zake angekaa ukingoni mwa beseni akalia kidogo, kisha akajifariji kwa uji. Uwineza alivaa koti. Alikuwa amepata wazo, na lilikuwa wazo la mtu ambaye hajalala vizuri: mafuta hayajapotea, yametawanyika tu. Yako Brooklyn Park na Blaine, juu ya nyuso kumi na moja, na Marit alitaka ngozi. Ila watu hunawa. Kila bomba la maji lililofunguliwa asubuhi ile lilikuwa adui yake.

Aliendesha gari hadi Blaine, kazini kwa Jedidah, na upepo unalisukuma ubavuni. Theluji ya mwezi wa tatu ilikuwa imerundikana kando ya barabara, nyeusi, yenye vifuniko vya kahawa ndani yake. Hakuwasha kipasha joto, kwa kuwa hewa kavu ya kipasha joto huua harufu, naye alitaka pua yake ifike nzima.

Jedidah alikuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Alitoka kwenye mapumziko yake ya chai akiwa amejitupia koti juu ya sare, akamkuta Uwineza anamsubiri maegeshoni.

"Weh! Mama wa upako! Kwani leo umekuja kutuombea hadi job?"

"Jedidah, nipe mkono wako. Ule uliowapaka watu."

"Wa nini? Umekuwa daktari?" Lakini aliunyoosha. Uwineza akauinamia, akapata dawa ya kuua vijidudu, kali, tupu. Wauguzi hunawa mikono hadi ngozi inasahau ni ya nani.

"Geuza. Vua saa."

"Uwineza, unanusa nini, kwani? Watu wananiangalia." Alivua saa hata hivyo. "Na usimwambie supervisor. Hapa perfume ni marufuku, kuna wazee wanabanwa kifua. Nimejisugua saa kumi na moja, lakini hapa chini ya mkanda nilisahau."

Hapo chini ya mkanda wa saa ndipo ilipokuwa imejificha. Haikuwa majani makavu yanayoungua. Yalikuwa majani mabichi yaliyowekwa juu ya makaa makusudi, yatoe moshi bila kuwaka. Uwineza alifumba macho. Kile kitu cha mlangoni kilipiga hatua moja, kikasimama tena.

Aliandika nyuma ya risiti: *Jedidah. Moshi, lakini moshi wa kazi, si wa ajali.*

"Sasa si nikuambie?" Jedidah alikuwa akifunga saa yake. "Mzee Nahashon amelala! Tangu November mgongo umemkatalia usingizi, amemaliza vidonge vyote vya hii Minnesota. Jana tumempaka, akalala kama mtoto. Amenipigia asubuhi akilia. Ameniuliza nani aliombea hiyo mafuta, nikamwambia ni wewe. Anakutafuta, dada."

Uwineza alikuwa ametoka nyumbani akiwaza pua tu. Sasa aliona kwamba uongo ambao hakuusema ulikuwa umeshapata miguu na unatembea majumbani mwa watu. Angeweza kurudi nyumbani. Lakini Mzee Nahashon alikuwa ngozi ya pili, na saa zilikuwa zinakwenda.

Mzee alikaa ghorofa ya chini, nyumba mbili za kupanga kutoka kwao. Aliumia akiinua mizigo, na sasa alitembea kama anayebeba sinia la vikombe. Alimfungulia mwenyewe.

"Karibu, mama. Karibu sana." Alielekeza kidole kwenye paji la uso wake kwa heshima, bila kuligusa. "Hapa sijatia maji. Nimeoga shingo kwenda chini. Nilisema, mpaka nimwone yule aliyeomba. Sasa niwekee mkono, mama, umalizie ulichoanza."

Aliketi kitini, akavua kofia, akafumba macho na kungoja.

Uwineza hakuwa mtu wa maombi ya kutoka kichwani. Aliweka kiganja juu ya upara wa mzee, akaanza Baba Yetu, kwa sababu ndiyo pekee aliyoiamini kwamba haitamkatikia katikati. Aliinama. Alisema jina lako litukuzwe, na pua yake ikawa karibu. Alisema ufalme wako uje, na ikaja.

Ilikuwa siagi. Siagi ya ng'ombe iliyofukizwa. Juu ya ngozi ile ya mzee, yenye joto la usingizi uliosubiriwa miezi minne, mafuta yalikuwa yameacha moshi wote nje, yakabaki matamu, mazito, yenye maziwa ndani yake. Mama yake Uwineza alikuwa akisuka maziwa kwenye kibuyu alfajiri, mapajani, mbele nyuma, mbele nyuma. Siagi ikipatikana, aliikusanya katika chombo kidogo cha mti alichokwisha kukifukiza kichwa chini juu ya majani ya kunukia yanayofuka moshi, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Jumamosi jioni aliwapaka mabinti mikono, shingo, nyuma ya masikio. Sosthène, aliyezaliwa kwa wakulima, hakuijua. Watoto wa kambini hawakuijua. Uwineza mwenyewe alikuwa ameshaanza kudhani aliiota, kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kumuuliza.

"Utupe leo," alisema, akashindwa kuendelea. Machozi yalimdondokea mzee upara.

"Mkate wetu," Mzee Nahashon akamsaidia taratibu, akaimaliza sala yote peke yake hadi amina.

Baada ya hapo ilikuwa haiwezekani kumdanganya. "Mzee," Uwineza alisema, akijifuta kwa mkono wa koti, "haya si mafuta ya upako. Ni manukato ya kazini kwangu. Sikuyaombea. Ni mafuta ya kujipaka tu."

Mzee alifungua jicho moja. "Kwani ya upako ni ya kunywa?"

Akacheka, akaushika mgongo, akacheka tena kwa uangalifu zaidi. Kisha uso wake ukatulia. "Mimi nimelala, mama. Usingizi wangu siurudishi kwa mtu. Lakini mama mkwe wako alisimama mbele ya watu jana, akakusifu. Nilikuwepo. Mwambie wewe, tena leo. Akisikia kwa Jedidah, hiyo aibu haitapona."

Kutoka mlango wa mzee hadi mlango wao ni mwendo wa dakika tatu. Uwineza aliutembea robo saa. Sasa alikuwa na moshi wa Jedidah na siagi ya Nahashon. Namba sita ingeweza kuandikwa, na kwa ukweli kuliko zote. Hakuhitaji kusema neno. Jumapili angekaa kanisani pembeni ya Mama Kasika kama mtu wa maombi, na pengine siku moja angeitwa kwa jina. Alikuwa amelisubiri jambo hilo miaka mitatu, na lilikuwa limemjia kwa bahati, na kulibakiza kulitaka kimya tu. Hasira zilimpanda, akaupiga teke ukuta wa theluji, kiatu kikazama.

Mama Kasika alikuwa ameketi kwenye meza ya jikoni akichambua maharage. Mabovu kushoto, mazuri kulia.

"Umekipata kichupa?"

Uwineza alivuta kiti, akaketi na koti lake. "Mama, mimi sikuwa naomba."

Vidole viliendelea. Harage moja kushoto.

"Zile asubuhi zote. Yale ni manukato. Kazini wametupa tuyapake, tuandike yananukaje, na atakayeandika vizuri atapewa kazi ya kuchanganya. Nilikuwa nafumba macho ili ninuse. Sikuiombea ile chupa."

Vidole vilisimama.

"Nilisimama mbele ya watu," Mama Kasika alisema.

"Najua."

"Nikasema, bibi ya mutoto wangu anaomba."

"Najua, Mama."

"Na wewe ulikuwa unanusa." Alilisema neno hilo polepole, kama anayejaribu jino linalouma. "Unanusa nini, kila siku, na macho imefungwa vile?"

Uwineza alikuwa na jibu tayari, la kazi na chumba cha kuchanganyia na kutosimama siku nzima. Halikutoka. Kilichotoka kilimshangaza mwenyewe. "Leo nimeipata siagi ya mama yangu. Iko kwenye namba sita. Ni ile siagi uliyoisema kwenye simu."

Hakuna aliyeuliza simu gani. Mama Kasika aliyainamia maharage yake, na shingo yake, iliyokuwa imesimama wima miaka mitatu, ililegea kidogo.

"Ku soko ya Kanyabayonga," alisema, "wamama wenu walikuwa wanaleta siagi mu majani ya mugomba. Mimi nilikuwa nauzisha maharagi pembeni yao. Nikirudi nyumbani bwana wangu ananiambia, leo ulikaa na wale. Nilikuwa najiosha mbio, watu wasiseme." Alisukuma harage kwa kidole, akalirudisha. "Jana mu gari, baada ya maombi, nikaisikia hapa ku uso yangu. Nikasema, hii kitu ninaijua wapi? Inanifurahisha roho na siijui. Nikasema basi, ni Roho Mutakatifu."

Uwineza aliziba mdomo kwa kiganja. Hakujua kama ni kicheko kinachokuja au kilio, na vyote viwili vilikuwa njiani.

"Usinicheke."

"Sikucheki, Mama."

"Wamama nitawaambia mimi mwenyewe. Usinisemee." Mama Kasika alikusanya maharage mazuri kwenye bakuli, akayamwaga tena mezani bila sababu. Kisha akainua mikono, akafungua fundo la kitambaa nyuma ya kichwa. Uwineza hakuwahi kumwona bila kitambaa mchana. Nywele zilikuwa nyeupe, chache, zimesukwa mistari minne iliyopinda. Paji la uso lilikuwa na mng'ao mdogo katikati.

"Mimi ndiye walinipaka wa kwanza," alisema. "Mafuta ilikuwa mingi. Sikunawa. Kuya unuse, uwapelekee kesho."

Uwineza alichukua daftari na kalamu, akazunguka meza. Akainama. Kwanza alipata chai, na vumbi la maharage, na sufu ya kitambaa. Akaanza kuandika: *Mama Kasika.* Aliandika mbio, herufi zikapanda mstari.

Mama Kasika alikuwa amefumba macho.

"Usiandike mbio, Uwineza," alisema. "Nusa tena."

Uwineza aliilaza kalamu katikati ya maharage, akainama tena.